Rasimu mpya ya wachawi: ninaanza na kizuizi kilichoondolewa

Kila inapotoka rasimu mpya ya majaribio ya kanuni za mchezo wa kuigiza wa mezani wa Dungeons & Dragons, swali la kwanza ninaloulizwa ni kama uchawi mpya unaumiza kuliko ule wa zamani. Swali hilo mimi huliweka mwisho. Mpiganaji wa upanga unaweza kumpima kwa madhara anayotoa kila zamu, lakini mchawi hupimwa kwa vizuizi vinavyomzunguka: nafasi za uchawi, yaani mara anazoweza kuutoa, alizo nazo kwa siku, aina za uchawi anazozijua, ulazima wa kushikilia uchawi mmoja tu kwa wakati mmoja, na dadu ya kujinusuru ambayo adui hurusha kabla uchawi haujamshika. Mtunzi akiongeza pointi 3 au 4 za madhara, mchezo unabaki palepale. Akiondoa kizuizi kimoja, amegeuza mchezo wenyewe, hata kama aliyaandika hayo kwa sentensi moja fupi inayopita bila kelele.

Mfano ninaoupenda kuliko yote kwa kufundishia ni tawi, yaani aina ndogo ya mhusika, liitwalo Lore Mastery, lililotoka Februari 2017 katika mfululizo wa Unearthed Arcana, ambamo kampuni ya Wizards of the Coast hutoa kanuni ambazo hazijakamilika ili wachezaji wazijaribu na kutoa maoni. Tawi hilo lilikuwa la mchawi msomi, yaani yule anayejifunza uchawi vitabuni. Yule ambaye uchawi umo damuni mwake tangu tumboni mwa mama yake tunamwita mchawi wa kuzaliwa, na tofauti ya hao wawili ina uzito mkubwa katika habari hii. Tangu ngazi ya 2, mchawi msomi aliruhusiwa kugeuza aina ya madhara, moto ukawa baridi au radi, bila malipo yoyote. Wengi waliposoma walisimama hapo. Mimi nilisimama kwenye kipengele kilichofuata: mara moja kwa kila mapumziko, aliruhusiwa pia kuchagua sifa, kama Akili au Ustahimilivu, ambayo adui ataitumia kujinusuru.

Tulipolijaribu tawi hilo mezani, niliweka jitu la vilimani mbele ya mchawi msomi wa ngazi ya 5 mwenye Akili 18, ambaye kizingiti cha uchawi wake, yaani namba ambayo adui lazima aifikie ili apone, ni 15. Jitu hilo lina Ustahimilivu 19, unaolipa nyongeza ya 4, na Akili 5, inayolipunguzia 3. Kijana aliyekuwa akimchezesha mchawi alitoa uchawi wa kupofusha, ambao kwa kawaida hupingwa kwa Ustahimilivu: jitu likipata 11 au zaidi kwenye dadu ya pande 20 limepona, kwa hiyo ni nusu kwa nusu. Akatangaza kwamba anahamishia kipimo kwenye Akili. Sasa jitu lilihitaji 18, na uwezekano wa kupofuka ukapanda kutoka asilimia 50 hadi 85.

Hesabu haiishii hapo. Uchawi wa kupofusha hudumu dakika moja, yaani raundi 10, na jitu hujaribu tena kila zamu yake inapokwisha. Nikiisoma kanuni ile kama ilivyoandikwa, kipimo kilichobadilishwa ndicho kinachotumika hata katika marudio hayo. Kwa Ustahimilivu, ukihesabu tangu uchawi unapotolewa, jitu litakuwa kipofu kwa wastani wa zamu moja. Kwa Akili, litakuwa kipofu kwa takriban zamu nne na nusu, na vita vyetu vingi huwa vimekwisha kabla ya hapo. Tena uchawi huu hauhitaji kushikiliwa, kwa hiyo mchawi yuko huru kushikilia mwingine juu yake.

Kando yake alikaa dada aliyekuwa na mchawi wa kuzaliwa wa ngazi ileile. Kwa kanuni za 2014, akitaka kulidhoofisha jitu lisijinusuru kwa urahisi, hutumia pointi 3 za uchawi kati ya 5 alizo nazo kwa siku nzima, na jitu hurusha dadu mbili na kuchukua iliyo ndogo, kwa jaribio la kwanza tu. Uwezekano wake unafika asilimia 75. Aliweka penseli juu ya karatasi yake akaniuliza, “Kaka, sasa mimi niko hapa kwa kazi gani?” Sikuwa na jibu, na nilipojaza maoni yangu niliandika swali lake jinsi alivyoliuliza, kwa kuwa lilieleza kasoro ya rasimu vizuri zaidi kuliko majedwali yangu yote.

Lore Mastery haikuingia katika Xanathar’s Guide to Everything, kitabu kilichotoka Novemba mwaka uleule, ingawa tawi la Hexblade kutoka rasimu hiyohiyo liliingia. Uwezo wa kugeuza aina ya madhara ulionekana baadaye, katika kitabu cha Tasha’s Cauldron of Everything ya Novemba 2020, safari hii ukiwa na masharti. Mchawi msomi wa tawi la Order of Scribes anaweza kuazima tu aina ya madhara iliyomo katika uchawi mwingine wa daraja lilelile ndani ya kitabu chake, na mchawi wa kuzaliwa akapata njia yake kwa pointi 1. Sharti la kitabu ninalisifu kwa dhati, kwa sababu linamfanya msomi atafute, anakili na alipe kabla ya kufaidi, na hiyo ndiyo kazi yake tangu mwanzo.

Kizuizi kinaweza pia kubadilishwa badala ya kuondolewa, na hilo ni gumu zaidi kulitambua. Mchawi wa agano, anayepokea nguvu zake kutoka kwa kiumbe aliyewekeana naye mkataba, akiwa ngazi ya 5 kwa kanuni za 2014 ana nafasi 2 tu, zote za daraja la 3, zinazorudi kila mapumziko mafupi. Rasimu ya Aprili 2023 ilimpa nafasi nyingi zaidi lakini ndogo, zinazorudi baada ya mapumziko marefu, na za daraja la 3 angezipata ngazi ya 9. Kwa kuhesabu vidole alikuwa ameongezewa. Mezani alikuwa amekuwa mtu mwingine, kwani uchache na ukubwa wa uchawi wake ndio uliomtambulisha. Rasimu ya Septemba 2023 ilimrudishia nafasi zake chache, na ndizo zilizomo katika kitabu cha wachezaji cha 2024.

Ningepewa leo rasimu ile ya 2017 niirekebishe, nisingeufuta uwezo wa kuhamisha kipimo, kwa kuwa msomi anayejua udhaifu wa adui ni wazo zuri. Ningeuruhusu kwa jaribio la kwanza pekee, na marudio yarudi kwenye Ustahimilivu. Jitu letu lingepofuka kwa wastani wa zamu 1.7. Mchawi wa kuzaliwa, kwa pointi zake 3, hupata zamu 1.5, kwa hiyo bado ningemruhusu msomi autumie uwezo huo mara moja tu kwa kila mapumziko marefu.