Kitabu cha malalamiko kikiwa kitupu

Nimeambiwa tena, safari hii na mjumbe wa bodi ya makao ya wazee hapa hapa Malindi: mwaka mzima hakuna mzee aliyelalamika, sasa ukaguzi wa nini? Nimechoka kulisikia, na ninalijibu kwa kirefu kwa sababu linaumiza watu.

Mzee anayeoshwa, kulishwa na kugeuzwa kitandani na mtu yule yule hawezi kumshtaki mtu huyo, kisha abaki naye peke yake usiku. Hilo tu linatosha. Tena kitabu chenyewe kiko ofisini kwa meneja, na wazee wengi hawakusoma. Na bibi aliyekimbizwa kwao Ganze kwa kusingiziwa uchawi, shamba likiwa ndilo lililotamaniwa, akifukuzwa hapa ataenda wapi? Ukimuuliza kwa Kiswahili cha mikutano, meneja akiwa kasimama mlangoni, atakujibu "salama tu, mwanangu" na kukuombea dua. Bodi nayo inaandika kwamba wakazi wameridhika. Ibara ya 57 ya Katiba ya Kenya inampa mzee haki ya kuishi kwa heshima bila kudhulumiwa. Haikusema mpaka alalamike.

Kwa hiyo nikikagua, mimi huanza na mwili. Uzito kwanza: mzee aliyepungua asilimia 5 kwa mwezi mmoja, au 10 kwa miezi sita, lazima mtu aeleze kwa nini. Meno? Huzuni? Ugonjwa? Au anawekewa sahani mbele na hakuna wa kumlisha?

Kisha zamu ya usiku. Asiyeweza kujigeuza hugeuzwa kila baada ya saa mbili hivi. Nikikuta fomu imejazwa usiku kucha kwa kalamu moja na mwandiko usiotetereka hata kidogo, naifunga na kwenda kutazama visigino, nyonga na mfupa wa kitako. Hapa ndipo ninapokasirika zaidi. Wauguzi wamefundishwa kutafuta wekundu kama dalili ya kwanza ya kidonda cha kulalia. Kwenye ngozi nyeusi wekundu huo mara nyingi hauonekani! Gusa. Linganisha joto na sehemu ya jirani, sikia kama pamekuwa pagumu au palaini kupita kawaida, muulize kama panauma. Nimeona fomu zilizoandikwa "ngozi nzima" juu ya wazee ambao wiki iliyofuata walikuwa na shimo mgongoni.

Maji pia. Uzee hupunguza kiu, na kuna wahudumu wanaobana maji jioni ili shuka zisilowe. Kwa joto la kaskazi hapa Malindi, hiyo ni njia ya mkato ya maambukizi ya mkojo na kuchanganyikiwa ghafla. Mzee akichanganyikiwa anapewa dawa ya kumtuliza, akitulia anasifiwa kuwa hana matata. Uliza kila dawa ya usingizi iliandikwa na nani, lini, na itaachwa lini.

Hesabu za fedha nawaachia wahasibu, ila jambo moja: vitambulisho na namba za siri za wazee wanaopokea Inua Jamii, fedha za serikali za kuwasaidia wazee, visikae kwenye droo ya meneja. Ni shilingi 2,000 kwa mwezi, na ni zao. Na mwenyekiti wa bodi akiwa ndugu wa meneja, hapo hakuna bodi.

Ziara za ghafla nazitetea, lakini zinanitia wasiwasi. Zikizidi, wahudumu wazuri hujiona wezi na kuondoka, nao ndio wachache tulio nao. Fomu nazo kila moja inakula dakika ambazo mzee angenyweshwa uji. Sijui mizani iko wapi hasa. Na kwa waliopoteza kumbukumbu sina njia ninayoiamini kikamilifu. Hukaa nao wakati wa chakula, nikatazama nani anakunja uso mhudumu fulani anapokaribia.

Kwa mjumbe aliyeniuliza: kikao kijacho, kabla ya hesabu, omba orodha ya uzito, ya walioanguka, ya wenye vidonda na ya wanaopewa dawa za kutuliza. Kisha atafutwe mjumbe anayesema Kigiriama, lugha ya huku kwetu, akae barazani na wazee alasiri nzima, bila daftari na bila meneja.