Nani Kasema Kid A Haina Magitaa?

Kila bendi ya vijana ikija studio na hamu ya kubadilisha sauti yake, hakosi mmoja wa kuitaja Kid A ya Radiohead, bendi ya roki ya Uingereza, albamu ya mwaka 2000. Na maneno ni yale yale: "Wale waliweka magitaa chini, wakaiachia kompyuta kazi. Na sisi tunataka hivyo." Nimechoka kulijibu hili kwa mdomo.

Magitaa yamo. Optimistic ni wimbo wa magitaa tangu mwanzo. How to Disappear Completely umesimama juu ya gitaa kavu, lisilo la umeme, kisha zinaingia fidla za okestra iliyorekodiwa ndani ya kanisa kongwe la Dorchester, karibu na Oxford. Treefingers ndio unaowapoteza wengi. Wataapa kwamba ni sintesaiza, kinanda cha umeme kinachounda sauti. Ile ni gitaa ya Ed O'Brien, mmoja wa wapiga gitaa wa bendi, iliyokatwakatwa na kurefushwa kwenye kompyuta hadi husikii tena kidole kikigusa waya. Na ile sauti inayolia kama mtu aliye mbali kwenye How to Disappear Completely ni ya ondes Martenot, ala ya Kifaransa iliyozinduliwa mwaka 1928. Mpigaji, hapa Jonny Greenwood wa bendi hiyo, huvaa pete kidoleni na kuitelezesha kwenye waya. Inatumia umeme, ndiyo, ila noti inatoka kwenye mkono wake.

Hata Idioteque, ambao kweli ni wa mashine, haukujitunga. Greenwood alirekodi kama dakika 50 za majaribio. Thom Yorke, mwimbaji wao, akazisikiliza zote, akachomoa kipande kifupi tu, na ndani yake mna kodi nne (yaani chords, noti zinazolia pamoja) za Paul Lansky, mtunzi wa muziki wa kompyuta, kutoka kazi aliyoitunga mwaka 1973. Sikio ndilo lililochagua. Kompyuta haichagui.

Kilichobadilika hasa ni mpangilio: nani apige, nani anyamaze. Bendi ilikuwa na watu watatu wenye kushika gitaa, na kwenye Everything in Its Right Place gitaa halihitajiki kabisa. Kinanda na sauti ya Yorke vinatosha. Jiulize kama mpiga gitaa la solo wako ataweza kukaa wimbo mzima mikono mitupu, bila kununa. Vijana wengi wananiuliza bei ya sintesaiza kabla ya kujibu hilo.

Eti walibadilika ghafla? Sikiliza Airbag, wimbo wa kwanza kwenye OK Computer, albamu yao iliyotangulia, ya 1997. Ngoma za Phil Selway, mpiga ngoma wao, zilirekodiwa, kikakatwa kipande cha sekunde chache, kikarudiwarudiwa. Mlango ulikuwa wazi tayari.

Eti walitafuta pesa, au waliwapoteza mashabiki? Hawakutoa singo (wimbo mmoja unaouzwa peke yake) hata moja wala video ya kawaida, na albamu ikashika namba 1 Uingereza na Marekani.

Eti njia ya kielektroniki ni ya mkato? Walianza kurekodi Paris mapema 1999 wakiwa na prodyuza Nigel Godrich, wakahamia Copenhagen, wakarudi Uingereza, na wakamaliza 2000.

Ukitaka kuijua albamu hii, usiisikilizie kwenye spika ya simu. Vaa hedifoni, weka The National Anthem, achana na tarumbeta, fuata besi peke yake hadi mwisho. Yorke ndiye aliyeipiga, na karibu haibadiliki. Kila kinachovurugika kinavurugika juu yake.