Je, wajua kwa nini akili hupumzika Mama Ngina, penye watu na kelele?

Jumapili jioni, ufuo wa Mama Ngina mjini Mombasa si mahali pa kimya. Watoto wanakimbizana chini ya mibuyu, muuza mihogo anapasua muhogo wa moto na kuupaka pilipili na ndimu, honi ya feri inasikika kutoka upande wa Likoni. Hata hivyo mtu aliyekuja na kichwa kizito hukaa pale kidogo, akaondoka kikiwa chepesi.

Ukiuliza kwa nini, wengi watakujibu kwamba ni utulivu. Lakini kama kimya ndicho dawa, kujifungia chumbani kungetosha, na tunajua anayejifungia mara nyingi hubaki kuyatafuna mawazo yale yale. Wengine watasema ni starehe: umefurahi, ndiyo maana umepumzika. Hilo nalo lina kasoro, na iliyolifichua ni baridi ya Marekani.

Mwaka 2008, Marc Berman, John Jonides na Stephen Kaplan wa Chuo Kikuu cha Michigan walichapisha jaribio walilofanya na wanafunzi 38. Kila mmoja alisomewa tarakimu akazirudia kinyumenyume, akatembea kama dakika 50, kisha akapimwa tena. Safari moja ilikuwa katika bustani ya miti, nyingine katika barabara za mji wa Ann Arbor. Waliporudi kutoka kwenye miti walifanya vizuri zaidi. Na wapo waliotembea wakati wa baridi kali, wasiyapende matembezi hata kidogo, lakini wakapata faida ile ile. Kwangu hilo ndilo jambo la ajabu kuliko yote: akili ilipumzika huku mwenyewe hana raha.

Maelezo yake yalitolewa na Stephen Kaplan pamoja na Rachel Kaplan mwaka 1989. Walisema umakini uko wa namna mbili: ule tunaoulazimisha, na ule unaovutwa wenyewe. Unaochoka ni wa kwanza. Mfikirie bawabu wa lango la harusi. Kumpisha mwenye kadi si kazi. Kinachomchosha ni kuwazuia mia wasio na kadi, mmoja mmoja, usiku kucha. Ukivuka barabara pale Mwembe Tayari, bawabu wa akili yako anazuia honi ya tuktuk, makanga anayekuita, bodaboda inayopita upande usiofaa, ili wewe ubaki na wazo moja tu, kufika ng'ambo salama. Ofisini ni vivyo hivyo, na simu ndiyo mgeni asiyekubali kurudishwa.

Sasa tazama meli ya makontena ikiingia Kilindini. Inapita polepole, karibu na ufuo, na macho yanaifuata bila kuamrishwa. Haikudai chochote, wala haijazi akili yote. Nafasi inabaki ya kuwaza lako. Mawimbi na majani ya mbuyu hufanya kazi hiyo hiyo. Langoni hakuna wa kuzuiwa, kwa hiyo bawabu anakaa. Kelele za watoto hazimwinui, maana hazikuhusu.

Tusilipe jambo hili uzito kupita kiasi. Wanafunzi 38 ni wachache, na majaribio yaliyofuata hayakukubaliana yote. Utafiti wa Uingereza wa mwaka 2019, uliohusisha karibu watu 20,000, uliona kuwa wanaokaa penye mazingira ya asili angalau dakika 120 kwa wiki husema wana afya na hali njema zaidi. Lakini huenda mwenye afya ndiye anayetoka zaidi.

Hata hivyo, hoja ya bawabu inatupa kipimo kizuri cha bustani zetu. Bustani ya Uhuru, kando ya zile pembe za ndovu za Moi Avenue, ni ndogo, lakini udogo si tatizo kubwa; Berman na wenzake waliona hata kutazama picha za mandhari ya asili kulisaidia kidogo. Tatizo ni hofu. Mwanamke anayekaa kwenye benchi akiukumbatia mkoba na kugeuka kila nyayo zikisikika nyuma yake hajapumzika, hata awe chini ya mti mzuri namna gani. Kwake, taa na benchi linaloonekana kutoka barabarani ni sehemu ya tiba sawa na kivuli.