Pale Mwamba Unapokutana na Pango

Chini ya maweni ya Unguja maji hayatembei kwa mwendo mmoja. Mvua ikishaingia kwenye mawe ya matumbawe huchujika polepole mno kupitia vitundu vidogo. Ikikuta pango, kama lile la Mangapwani lenye maji baridi, yasiyo ya chumvi, ndani yake, hupata nafasi ya kwenda kwa uhuru. Maji ni yaleyale, lakini hesabu zake ni mbili.

Mwambani tunatumia kanuni ya Henry Darcy, mhandisi wa Dijon, Ufaransa, aliyoitoa 1856 baada ya kupitisha maji kwenye mchanga: kasi huendana na tofauti ya shinikizo. Pangoni tunatumia milinganyo ya Stokes, inayoeleza mwendo wa maji yanayotiririka kwa uhuru na polepole, au ya Navier-Stokes maji yakienda mbio. Wapo wanaolihesabu pango kuwa ni mwamba unaopitisha maji sana, wakatumia Darcy kote. Kwa kisiwa chetu siikubali njia hiyo. Kanuni ya Darcy huharibika maji yanapokwenda kasi, na hapo hasa ndipo penye hatari: uchafu wa karo la choo ukipata ufa unaoingia pangoni, unaweza kufika kisimani ndani ya siku chache bila kuchujika.

Kwa hiyo tunaziunganisha hesabu hizo mbili kwenye ukuta wa pango, kwa masharti matatu. Maji yanayotoka upande mmoja lazima yaingie upande wa pili, na misukumo inayoukabili ukuta kutoka pande zote mbili lazima ilingane. Sharti la tatu ndilo gumu: maji yanayopita sambamba na ukuta hayasimami kabisa pale ukutani, bali huteleza. Watafiti Gordon Beavers na Daniel Joseph walilionyesha hilo kwa majaribio 1967. Mwaka 1971 Philip Saffman akalirahisisha, kwa kuwa kasi ya maji ndani ya mwamba ni ndogo kiasi cha kuachwa nje ya sharti. Kigezo cha kuteleza hutegemea ukuta wenyewe, na matumbawe yana mashimo na kingo kali, hivyo sikichukui kutoka vipimo vya mchanga.

Programu za kompyuta, ya pango na ya mwamba, hukokotoa kwa zamu zikipeana matokeo, kama muuzaji na mnunuzi wanaopatana bei sokoni Darajani. Njia inayomjia mtu kwanza ni pango liupe mwamba kiasi cha maji, mwamba urudishe shinikizo. Mwamba ukiwa mgumu kupitisha maji, njia hii husumbua vibaya. Ili kupata shinikizo unagawa kwa upenyezaji, yaani kipimo cha wepesi wa mwamba kupitisha maji, nao ni namba ndogo sana. Kosa dogo la kiasi cha maji hugeuka kosa kubwa la shinikizo, likarudi pangoni, na zamu inayofuata ikaanza mbali zaidi na jibu. Marco Discacciati, Alfio Quarteroni na Alberto Valli walichapisha 2007 njia ninayoitegemea: kila upande hutoa mchanganyiko wa vyote viwili, maji na shinikizo, kwa mizani iliyochaguliwa vizuri. Hapo mapatano hupatikana hata upenyezaji ukiwa mdogo.

Pango hubadilika kwa dakika, mwamba kwa siku. Basi naligawia pango hatua nyingi fupi za muda ndani ya hatua moja ndefu ya mwamba, kisha nahakikisha jumla ya maji yaliyovuka ukuta inalingana. Karibu na pwani huingia chumvi: mita moja ya ujazo ya maji ya bahari ina kilo 1,025 hivi, ya maji baridi 1,000, na bahari hujaa na kupwa mara mbili kwa siku. Huko huongezwa mlinganyo wa chumvi pande zote mbili za ukuta, na shinikizo huhesabiwa upya kila chumvi inaposogea.