Katuni zilikuwepo kabla Disney hajazaliwa

Ukiuliza nani alianzisha filamu za katuni, wengi hujibu upesi: Walt Disney. Lakini Disney alizaliwa mwaka 1901, na kufikia hapo wakazi wa Paris walikuwa wameanza kutazama katuni kwenye pazia miaka tisa nyuma.

Aliyewaonyesha ni Mfaransa Émile Reynaud, kuanzia tarehe 28 Oktoba 1892, katika jumba la makumbusho la Grévin. Kamera hakuwa nayo. Alichora na kupaka rangi kila picha kwa mkono, moja moja, kama 500 kwa hadithi ya Pierrot peke yake, kisha akaziunganisha kuwa utepe mrefu wenye matundu. Onyesho likianza, yeye yuko nyuma ya pazia anazungusha magurudumu. Akitaka mhusika arudie kitendo, anaurudisha utepe nyuma, halafu anausogeza tena mbele. Mikono lazima ilimuuma.

Mwaka 1895 ndugu Lumière wakaja na filamu za kamera, na watazamaji wakahamia huko. Reynaud, kwa uchungu, alizitupa tepe zake nyingi katika mto Seine. Za maonyesho yale zimebaki mbili tu.