Kusoma Jiografia Chuo Kikuu: Si Ualimu Tu

Matokeo ya kidato cha sita yakitoka, wazazi wa huku Mtwara na Lindi wanatuuliza swali lilelile, mtoto akisoma jiografia si ataishia ualimu tu? Kwanza ualimu ni kazi ya heshima na shule zetu za kusini zinawahitaji walimu. Ila kozi hii ni pana kuliko watu wanavyodhani, na nitaeleza kwa mifano ya huku kwetu.

Chukua Newala. Mvua inaanza Novemba au Desemba mpaka Aprili hivi, inanyesha vizuri tu, mikorosho inakubali, lakini pale juu kwenye uwanda wa Makonde huoni mto. Udongo ni mchanga mtupu, maji yakidondoka yanazama yanaenda chini kabisa, halafu yanakuja kutokea mabondeni kwenye chemchemi, ndo maana kina mama wameteseka miaka na miaka kushuka na ndoo tupu na kupanda nazo zimejaa, na ndo maana mradi wa maji wa Makonde inabidi usukume maji kwa pampu kuyapandisha. Mtu wa jiomofolojia atakueleza huo uwanda ulivyojengeka, wa haidrolojia atapima maji yaliyoko chini na yanavyojaa upya. Halafu wa jiografia ya binadamu anauliza swali ambalo mimi nalipenda kuliko yote: kwa nini watu wengi hivyo waishi mahali pasipo na maji? Jibu lake moja ni usalama, enzi za vita na biashara ya watumwa watu walikimbilia juu ambako adui alipata shida kufika.

Kwa hiyo pande kubwa ni hizo mbili, umbile na binadamu, na ndani yake kuna hali ya hewa, udongo, pwani, idadi ya watu, miji, kilimo, uchukuzi, majanga, utalii, unachagua. Usichague kwa kufuata rafiki yako.

Upande wa tatu ndo unaokua kwa kasi: GIS, yaani kutengeneza na kuchambua ramani kwa kompyuta, pamoja na kusoma picha za satelaiti. Satelaiti za Landsat zinapiga picha za dunia tangu 1972, na za Sentinel-2 zilizoanza 2015 kila nukta ya picha inaonyesha eneo la mita 10 kwa mita 10, zote unapata bure. Mwanafunzi anaweza kukaa na laptopu akaweka picha ya mikoko ya Kilwa ya miaka ya 1990 na ya juzi, akaona wapi imekatwa na wapi imerudi, ila lazima baadaye avae mabuti aende kwenye tope akahakikishe, maana picha peke yake inadanganya, mikoko na vichaka vingine kwa juu vinafanana.

Na msidhani haya ni mambo ya darasani. Mwaka 1947 Waingereza walianzisha mradi mkubwa wa karanga, Nachingwea ikiwemo, wakaleta matrekta, wakajenga bandari ya Mtwara na reli, huku udongo na mvua havijachunguzwa vya kutosha. Mwaka 1951 mradi ukafutwa, na reli nayo ikafungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Hasara yote ile! Leo tuna gesi Mnazi Bay na Songo Songo, kuna madini, kuna barabara ya Somanga ambayo mvua za 2024 ziliikata magari yakakwama, na kote huko anatakiwa mtu anayeisoma ardhi kabla hela haijamwagwa.

Kazi zipo kwenye bodi za maji za mabonde (ya Ruvuma na Pwani ya Kusini iko hapahapa Mtwara), mamlaka ya hali ya hewa, halmashauri, hifadhi, kampuni za upimaji. Hazipatikani kirahisi, nasema ukweli, na anayejua GIS na takwimu anatangulia.

Sasa wewe uliye kidato cha tano, mchepuo wa HGL (historia, jiografia na Kiingereza) au HGE (historia, jiografia na uchumi) unakufikisha, lakini EGM (uchumi, jiografia na hisabati) au PGM (fizikia, jiografia na hisabati) unakufungulia milango zaidi kwa sababu ya hisabati. Usiikimbie. Na ukipata kompyuta hata ya kuazima, pakua QGIS, programu ya kutengeneza ramani, ni bure, anza na ramani ya kata yenu, weka visima, zahanati na njia, uone nani anatembea mbali zaidi kufuata maji.