Tuna kwa paka: kijiko hakina neno, kopo zima kila siku ni shida

Bibi mmoja wa Majengo, Moshi, alituletea paka wake kliniki ndani ya kikapu cha sokoni, kafunikwa khanga. Jike wa rangi ya majivu, mnene, mkali wa macho. "Huyu, daktari, hataki kitu," bibi akasema. "Nikimwekea ugali na dagaa ananitazama kama nimemtukana. Anataka tuna tu." Mjukuu wake anayefanya kazi hotelini Arusha alikuwa amemletea katoni za tuna, yaani jodari, wa kopo. Bibi mwenyewe hawapendi, basi akawa anamfungulia paka. Nikamuuliza, tangu lini? Miezi minne.

Swali alilokuja nalo tunaulizwa mara nyingi: tuna ni sumu kwa paka? Hapana. Paka mkubwa mwenye afya akipata kijiko kikubwa kimoja cha tuna iliyohifadhiwa kwenye maji, mara moja au mbili kwa wiki, hakuna neno. Shida huanza pale kionjo kinapogeuka mlo.

Tupige hesabu kidogo. Paka wa kilo 4 anahitaji takriban kilokalori 200 hadi 250 kwa siku. Sisi madaktari wa wanyama tunashauri vionjo visizidi sehemu moja ya kumi ya hizo, yaani 20 hadi 25. Hizo anazipata kwenye gramu 20 hivi za tuna ya maji, ambazo ni kijiko kimoja kilichojaa. Kopo moja la kawaida lina vijiko kama sita vya namna hiyo.

Lakini kunenepa ndiyo shida ndogo. Paka akimkamata panya hamli mnofu peke yake. Anakula na mifupa, moyo, ini na matumbo. Tuna ya kopo ni mnofu mtupu: fosforasi nyingi, kalisi kidogo sana. Mtoto wa paka akilelewa hivyo mifupa yake hulegea, na anaweza kuvunjika mguu kwa kuruka tu kutoka kwenye kiti. Halafu kuna taurini, kirutubisho ambacho mwili wa paka hauwezi kujitengenezea cha kutosha, hivyo lazima akipate kwenye nyama au samaki. Akikikosa kwa muda mrefu, macho hupofuka taratibu na moyo hutanuka ukashindwa kusukuma damu. Uhusiano huo wa taurini na moyo wa paka ulithibitishwa na watafiti wa Marekani mwaka 1987. Taurini huyeyuka kwenye maji, kwa hiyo sehemu yake hupotea samaki anapochemshwa na maji kumwagwa.

Paka wa bibi alikuwa na tatizo lingine. Nilipopitisha kiganja chini ya tumbo lake alijikunja na kutoa mlio mmoja mrefu. Mafuta ya chini ya ngozi yalikuwa magumu, yana vinundu vinundu kama maharage ndani ya mfuko. Bibi akakumbuka kuwa wiki kadhaa paka hapandi tena juu ya kabati, na akibebwa anang'ata. Mafuta ya samaki huharibika upesi mwilini yasipokuwa na vitamini E ya kuyalinda. Paka anayelishwa samaki wa mafuta mengi kila siku huishiwa na vitamini hiyo, na mafuta yake mwenyewe huvimba, huuma na kugeuka rangi ya njano. Tuna, hasa nyama yake nyekundu, inajulikana kwa ugonjwa huu. Makopo ya bibi yalikuwa ya tuna ndani ya mafuta.

Ugonjwa huu unatibika, kwa kubadilisha chakula, vitamini E na dawa ya maumivu anayopima daktari wa mifugo. Nasema anayopima daktari kwa sababu wako wanaompa paka paracetamol wakidhani wanamsaidia. Hata nusu kidonge inaweza kumuua.

Na zebaki, ile metali yenye sumu? Ipo. Hupanda kutoka kwa viumbe wadogo wa baharini hadi samaki wadogo, kisha samaki wakubwa, na jodari ni mwindaji anayekusanya ya wote aliowala. Tuna nyeupe ya albakora ina karibu mara tatu ya zebaki iliyo kwenye tuna ya kawaida ya kopo, ambayo mara nyingi ni ya jodari wadogo. Historia ya zebaki na paka ni ya kusikitisha. Huko Minamata, Japani, miaka ya 1950, paka waliokula samaki wa ghuba walianza kuyumba, kuzunguka na kutupa miguu hata watu wakasema wanacheza ngoma. Mwaka 1956 ugonjwa ukatambuliwa rasmi kwa binadamu. Chanzo kilikuwa maji taka ya kiwanda, sumu nyingi mno kuliko utakayoikuta kwenye kopo la dukani. Kwa hiyo kijiko cha Jumapili kisikutie hofu.

Ukinunua, geuza kopo usome lebo. Tafuta iliyo kwenye maji matupu. Ya maji ya chumvi na ya mafuta iache. Yenye vitunguu, vitunguu swaumu au mchuzi wa nyanya iache kabisa, maana vitunguu huvunja chembe nyekundu za damu ya paka. Jodari mbichi naye asipewe: samaki wabichi wa aina kadhaa wana kimeng'enya kinachoharibu vitamini B1, na jodari aliyepata joto njiani hujaa histamini, sumu ya samaki anayeanza kuharibika, ambayo haiondoki hata umpike.

Kama unataka paka ale samaki, dagaa wanamfaa kuliko tuna. Wanaliwa wazima na mifupa yao, hivyo kalisi ipo, na kwa kuwa ni wadogo na hawaishi muda mrefu, zebaki yao ni kidogo. Waloweke kwenye beseni, wakoroge kwa mkono, subiri. Utaona mchanga umetulia chini. Rudia mpaka maji yatulie bila mchanga. Chemsha bila chumvi wala kitunguu, na supu usiimwage, imwagie kwenye chakula chake, kwani ndimo taurini na vitamini B zilimokimbilia. Ugali uwe kidogo, dagaa ndio wengi. Siku nyingine mpe moyo, filigisi au ini kidogo la kuku, vimepikwa. Mwenye uwezo anunue chakula cha paka cha pakiti kilichoandikwa kuwa ni kamili. Hata kikiwa na ladha ya tuna ni sawa, kimeshaongezwa vinavyokosekana.

Paka aliyezoea tuna usimwachishe kwa njaa. Bibi nilimwambia achanganye robo ya dagaa na robo tatu ya tuna, kila baada ya siku tatu nne aongeze dagaa na kupunguza tuna, na chakula kiwe cha uvuguvugu ili kinukie. Ilichukua wiki tatu na manung'uniko mengi. Paka mnene akikaa siku mbili bila kula, mafuta hukimbilia kwenye ini na ini hushindwa kazi. Akifika hapo usisubiri aone njaa. Mbebe umlete.